Paja limevunjika, chanzo kiko shingoni

SWALI: Mama yangu, mwenye umri wa miaka 61, ana rovu alilokaa nalo tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Halimuumi, anameza vizuri, na kipimo cha homoni za tezi kilitoka sawa. Mwezi uliopita aliinama kunyanyua dumu la maji, paja likavunjika bila hata kuanguka. Kipande cha mfupa kilipopimwa, majibu yakasema ni saratani iliyotoka kwenye tezi ya thairoidi, ile ya shingoni ambayo ikivimba huitwa rovu. Ndugu zangu wanaamini maabara imechanganya majibu. Je, jambo hili linawezekana?
Msomaji, Kasese

JIBU: Mpe mama pole nyingi. Linawezekana, na ninawasihi msipoteze wiki hata moja kwa mabishano.

Aina moja ya saratani hii, iitwayo ya folikula, husambaa kwa njia ya damu na hupenda kutua kwenye mapafu na mifupa, ambako huula mfupa kimyakimya hadi uzito mdogo tu unapouvunja. Homoni kuwa sawa hakuondoi shaka, kwa sababu saratani hii kwa kawaida haizivurugi. Kipande cha mfupa ulioliwa nayo kikitazamwa kwa darubini, mara nyingi huonekana vifuko vidogo vya duara vilivyojaa ute, vilevile kama vilivyo shingoni. Ndani ya mfupa wa paja usio na ugonjwa hakuna kitu cha namna hiyo. Mkiwa bado na wasiwasi, ombeni sampuli ileile, ambayo maabara huihifadhi, isomwe na mtaalamu wa pili, huku matibabu yakiendelea kupangwa.

Marovu mengi si saratani, nami sitaki kumtisha mtu. Hata hivyo, katika maeneo ya milima ambako udongo una upungufu wa madini ya iodini, rovu lilizoeleka mno kabla ya chumvi kuwekwa madini hayo, na mazoea hayo ndiyo yanayoniumiza: mgonjwa huja kwa ajili ya mguu na hakuna anayemgusa shingo. Vivyo hivyo, uvimbe wa pembeni mwa shingo unaotokana na saratani hii hutibiwa kama kifua kikuu cha tezi za limfu bila kupimwa kwa sindano, na aina nyingine ya saratani hii, ya medula, huweza kujitokeza kwa kuhara kwa miezi mingi.

Ombeni rufaa kwenda Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago. Kwa kawaida mfupa huimarishwa kwa chuma, kisha tezi yote huondolewa, kwani ikibaki ndiyo itakayoifyonza iodini ya mionzi, dawa ya kuua seli za saratani, inayokusudiwa kufika mfupani. Baada ya hapo mama atameza vidonge vya homoni kila siku maisha yake yote. Kupona kabisa saratani ikishafika mfupani ni vigumu, lakini wako wanaoishi nayo miaka mingi.

Kwa sasa asiukanyagie mguu huo. Miguu ikianza kufa ganzi au akishindwa kuzuia mkojo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda uti wa mgongo nao umeguswa.