Jibu: Grenada ilihukumu kwanza, ikaunda tume baadaye

Salaam mkuu. Umekwama kwenye insha yako kwa sababu tume ya ukweli na maridhiano ya Grenada, kisiwa cha Karibi, iliundwa 2001, wakati watuhumiwa wa mauaji ya waziri mkuu Maurice Bishop walishahukumiwa 1986. Unauliza tume ilikuwa ya nini.

Usianze na ripoti ya tume. Anza na kesi yenyewe, mimi hapo ndipo nilipopata mwanga. Bishop na wenzake walipigwa risasi ngomeni katika mji mkuu, St. George's, tarehe 19 Oktoba 1983, na siku sita baadaye Marekani ikavamia. Watu 17 wakatiwa hatiani, 14 kati yao wakahukumiwa kunyongwa. Adhabu ikabadilishwa 1991 kuwa kifungo cha maisha. Ila mahakama iliyowahukumu ilikuwa nje ya katiba, na malalamiko hayakuisha. Kwa hiyo hukumu ilikuwepo, lakini wengi hawakuiamini. Hilo ndilo pengo ambalo tume ilitakiwa kuliziba.

Kisha soma uamuzi wa Privy Council, mahakama ya juu kabisa ya rufaa ya Grenada iliyoko London, Februari 2007: hukumu ya kifo ya lazima ilikuwa batili, wapangiwe adhabu upya. Wa mwisho walitoka Septemba 2009.

Sasa angalia familia, na hapa usipite haraka. Mwili wa Bishop haujapatikana. Uwanja wa ndege una jina lake tangu 2009, kaburi hana. Kwa maoni yangu insha yako ijengwe juu ya hilo: mzazi anayetaka kuzika mwanawe hasaidiwi na miaka ya kifungo peke yake. Ripoti ya tume, ya 2006, isome mwisho, ukiwa na swali hilo mkononi.