Kurekebisha, kubadili au kupachika?

Swali: Katika ikisiri ya utafiti niliandika "kurekebisha protini za ukuta ndani ya seli hai kwa kemikali". Msimamizi ameikataa sentensi nzima. Kosa liko wapi?

Jibu: Yako matatu, na la tatu ndilo zito.

Kurekebisha ni kunyoosha kilichokosewa, na protini zako hazikuwa na kasoro. Kubadili kunafaa, ila hakumwambii msomaji kilichofanyika. Ikiwa uliunganisha biotini (vitamini ndogo inayotumika kama alama) na laisini (mojawapo ya asidi amino) za protini, tumia kupachika. Kitenzi hiki kinadai utaje kinachopachikwa na kinapopachikwa, na hayo mawili ndiyo msomaji anayoyataka.

Ukuta wanao mimea, kuvu na bakteria. Seli ya mnyama ina utando, wingi tando.

Sasa "ndani ya". Protini hizi zimo utandoni, kwa -mo, maana zimezama katika mafuta yake. Lakini kipande kinachochomoza kiko nje. Biotini ya kupachika yenye kundi la salfoneti ina chaji, haipenyi utando, kwa hiyo hushika laisini za kipande hicho cha nje tu. Ukiandika "ndani ya seli" umedai kwamba kemikali ilipenya. Tena, protini za saitoplazimu, yaani ute wa ndani ya seli, zikionekana zimepachikwa, hiyo ni dalili kwamba baadhi ya seli zilikuwa zimekufa na tando zao kutoboka; hapo hata neno "hai" linatiliwa shaka. Andika: "kupachika biotini kwenye protini za utando, upande wa nje wa seli hai". Kama kweli ulitumia kemikali inayopenya, "ndani ya" ibaki.

Sehemu ya mbinu nayo iwe na usahihi huohuo. Seli husuuzwa, haziogeshwi wala kufuliwa: "Seli zilisuuzwa mara 3 kwa bafa baridi ya fosfeti, zikawekewa biotini kwa dakika 30 katika nyuzi 4, kisha mmenyuko ukazimwa kwa glisini." Usiache kutaja nyuzi 4. Katika nyuzi 37 seli huendelea kumeza vipande vya utando wake, na protini ulizozipachika nje huingia ndani, hivyo "upande wa nje" haitakuwa kweli tena. Wala usiandike "bafa" (myeyusho unaodhibiti uasidi) peke yake: bafa ya Trisi ina amini, kundi lilelile la kikemikali ambalo biotini hulishika kwenye laisini, nayo huinyakua biotini kabla haijafika kwenye protini.