Skana inatoa ukungu, bosi anasema mashine imekufa

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni fundi sanifu maabara, upande wa patholojia, niko Mwanza. Tuna skana ya slaidi, tunaskani vinyama (vipande vyembamba vya tishu za mgonjwa) tunamtumia daktari aliye mbali anasoma. Wiki tatu hizi picha zina ukungu, sio zote wala sio picha nzima, yaani kona hii unaona seli mpaka kiini, ukisogea kidogo ni uji mtupu. Halafu kuna mchirizi mwembamba unapita katikati. Slaidi hiyohiyo nikiiweka kwenye hadubini ya kawaida iko poa. Bosi anasema mashine imekufa. Ni kweli?

JIBU: Haijafa ndugu yangu, barua ya kuomba mpya isubiri kwanza. Hiyo ya kuonekana poa kwenye hadubini isikudanganye, pale kidole chako kiko kwenye fokasi muda wote unairekebisha bila hata kujua, skana nyingi zinapima fokasi kwenye nukta kadhaa tu halafu kwingine zinakadiria. Na lenzi yake ya 20x inaona vizuri unene wa kama maikroni 1 hivi, basi. Sasa nukta moja ikiangukia vumbi, alama ya kidole au ile doti ya maka peni juu ya kavaslipu (kile kioo chembamba kinachofunika kinyama), mashine inafokasi pale juu, na kavaslipu ina milimita 0.17, yaani maikroni 170 kutoka kwenye kinyama chako! Eneo lote la jirani linakuwa uji.

Ichukue slaidi mbaya uiinamishe dirishani. Nakuhakikishia karibu kila mara utaona kitu: kidole, povu la hewa, kinyama kilichojikunja, au gundi ya DPX inayoshika kavaslipu imefurika pembeni kwa sababu mliiharakisha haijakauka (iacheni ilale usiku mzima jamani). Futa kwa alkoholi 70% na karatasi ya lenzi, ukitumia zailini iwe kidogo sana, inayeyusha DPX na kavaslipu itakutembea.

Mchirizi ndio mtamu. Ufuate mpaka unapotoka kwenye kinyama. Ukiishia ukingoni na kwenye kioo kitupu haupo, hiyo ni blade ya mikrotomu (mashine ya kukatia vinyama) ina pengo, badilisha, skana haihusiki kabisa. Ukiendelea mpaka kwenye kioo, na slaidi nyingine unaukuta palepale, hapo uchafu uko ndani ya mashine, kwenye lenzi au kamera. Kama skana yenu haisomi mstari kwa mstari bali inapiga picha vipande vipande na kuviunganisha, huo uchafu hauji kama mchirizi, unakuja kama doa linalojirudia kwa umbali uleule kama kanga yenye doa moja kila baada ya shubiri.

Vipande hivyo vya picha vikiwa havikutani vizuri angalia meza, sentrifuji (mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi) ikizunguka meza moja na skana mtetemo unatosha kuharibu.

Ikibainika ni mashine, usiifungue mwenyewe. Skani slaidi tupu iliyo safi, chagua eneo kwa mkono maana otomatiki itakuambia haioni tishu, halafu mtumie fundi hiyo picha hata kabla hajapanda gari, atajua aje na nini.