Chungu cha umeme na kidari cha bukini

Wiki hii mmeuliza: chombo gani cha umeme jikoni kwako hujutii kuwa nacho? Changu sikukinunua, nililetewa. Ni chungu cha umeme, kile cha kauri kinachopika taratibu kutwa nzima. Wifi yangu alikuja nacho kutoka Maskati, plagi yake ya meno matatu ikaingia ukutani hapa Wete bila ya adapta. Kikakaa juu ya kabati karibu mwaka. Mama mkwe alikitazama siku ya kwanza akasema, "Hichi cha wavivu," nami nikaona haya kukishusha.

Aliyekishusha ni bata bukini. Tulikuwa na dume mzee uani, mkali kuliko mbwa, watoto wakienda chuoni lazima wapite nyuma ya nyumba kumkimbia. Siku alipomdonoa mgeni, mume wangu akamchinja. Mapaja tuliyapika mchuzi kwa kuni, yakalainika baada ya saa nyingi. Vidari viwili vikanishinda. Nilikata kipande nikakibanika kama mshikaki, kikawa kandambili.

Anayefikiri kidari cha bukini ni kama cha kuku atakosea tangu mwanzo. Nyama yake nyekundu kama ya ng'ombe, maana ni msuli wa ndege wa kuruka safari ndefu (ijapokuwa wetu hakuwahi kuvuka ukuta). Ngozi ina mafuta mengi, lakini nyama yenyewe ni kavu. Ndiyo maana moto mkali unaikaza, na akiwa mzee ndiyo zaidi.

Basi nafanya hivi. Ngozi naichanja kwa kisu mistari mistari, bila ya kufika kwenye nyama. Naitia chumvi na pilipili manga, nailaza upande wa ngozi kwenye kikaango kikiwa bado baridi, ndipo nawasha moto mdogo. Mafuta yanatoka yenyewe, robo saa hivi, mpaka ngozi iwe rangi ya kahawia. Nageuza dakika mbili tu. Hapa ndipo wengi wanaporuka, wanatumbukiza nyama mbichi kwenye chungu, halafu wanalalamika kuwa mchuzi unaelea mafuta na ngozi imekuwa kama mpira. Mafuta yale usiyamwage. Nayaweka kwenye chupa, mbatata zikikaangwa humo hazina mfano.

Chini ya chungu napanga mbatata na karoti, maana humo ndizo zinazochelewa kuiva. Juu yake vidari, ngozi ikitazama juu. Kisha vitunguu vilivyokaangwa, thomu na tangawizi ya kutwanga, uzile (bizari nyembamba), kijiti cha mdalasini, karafuu nne. Nne tu! Sisi wa Pemba mkono wetu mwepesi kuongeza karafuu, na kwenye chungu kilichofunikwa harufu haina pa kutokea. Ukwaju kikombe kimoja unatosha, maji hayapungui humo. Papai bichi tunalolainishia mishkaki sitii: kwa muda wote ule nyama itageuka uji. Tui zito linaingia nusu saa ya mwisho, likitangulia litakatika.

Nikikiwasha kwenye moto mdogo saa mbili asubuhi, saa nane mchana nyama inachanika kwa uma. Kifuniko sikigusi, kila ukifunua unapoteza joto la nusu saa. Mwezi wa Ramadhani ndiyo raha, kwa sababu kuonja hakupo hata hivyo. Chungu changu kimeandikwa wati 200, kwa hiyo saa sita zinakula uniti moja na kidogo.

Lakini faida kubwa niliiona msimu wa karafuu. Alfajiri tuko shamba, usiku ukumbi mzima tumekaa tunachambua, karafuu huku, makonyo (vijiti vyake) kule, mikono inanata na hakuna anayetaka kuinuka kukoka moto. Chakula kipo tayari.

Msimu huo huo pia ndio ulionifunza. Tangu mwaka 2010 Pemba tunapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, si majenereta kama zamani, ila kukatika bado kupo. Siku moja nilirudi shamba magharibi nikakuta taa zinawaka na chungu ni vuguvugu. Ulikatika saa ngapi, ukarudi saa ngapi, sikujua. Nyama iliyokaa muda mrefu kati ya nyuzi 5 na 60 ni chakula cha vijidudu kabla ya kuwa chako, na kuichemsha tena hakuondoi sumu zote. Nikamwaga vidari vyote viwili, na roho iliniuma kweli. Sasa pembeni yake nimechomeka saa ya umeme isiyo na betri: umeme ukikatika tu inarudi kwenye sufuri, nikirudi nahesabu tangu uliporudi. Na nikiwa nyumbani ukakatika, nahamishia nyama kwenye sufuria, jiko la makaa linamalizia.

Mama mkwe siku hizi hasemi wavivu. Anakula, anaomba mchuzi zaidi. Wali tu ndio hataki kuuona karibu na chungu kile, anaupalia makaa mwenyewe juu ya kifuniko kama alivyofunzwa, na kwa hilo sibishani naye. Nilijaribu mara moja, ukatoka bokoboko.