Nimewapa panya LPS, chembe sahani zimeshuka ila D-dima haipandi

Swali: Shikamoo daktari. Niko mastazi, nawapa panya wa maabara LPS (sumu ya ukuta wa bakteria) kwenye mshipa wa mkia ili nipate DIC (damu kuganda ovyo ndani ya mishipa mwili mzima). Chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuganda) zimeshuka, fibrinojeni (protini inayogeuka kuwa nyuzi za bonge) nayo imeshuka, lakini D-dima iko chini tu. Modeli imefeli, nianze upya?

Jibu: Marahaba. Usianze upya, na usitupe sampuli hata moja. D-dima ni vipande vinavyobaki plasmini (kimeng'enya kinachoyeyusha mabonge) ikishakata fibrini iliyoganda (nyuzi za bonge la damu), sasa kama plasmini imezuiwa, mabonge yapo ila D-dima itatoka wapi? LPS inafanya mishipa imwage PAI-1 (protini inayozuia uyeyushaji) kwa wingi, PAI-1 inaikamata tPA (kiwashio cha plasmini), na bila tPA plasminojeni haigeuki kuwa plasmini, kwa hiyo fibrini inajazana kwenye vichujio vya figo na panya anaumia figo na ini zaidi kuliko kuvuja damu. Ungetumia tishu fakta (protini ya tishu inayoanzisha kuganda) badala ya LPS ungeona kinyume, PAI-1 inapanda kidogo, D-dima inaruka juu, figo zina fibrini chache ila panya anakojoa damu. Wajapani wa Kanazawa wamezifanyia kazi sana hizi modeli mbili, na kwa binadamu tofauti hiyo ipo kabisa: mgonjwa wa sepsisi (maambukizi makali yanayoharibu viungo) anafanana na panya wako, mwenye lukemia ya promielositi (aina ya saratani ya damu) mabonge yake yanayeyushwa haraka mno na anavuja damu.

Ila kwanza angalia kifurushi chako cha kupimia D-dima (kit). Kama ni cha binadamu, antibodi zake zinaweza zisishike D-dima ya panya kabisa, hapo namba ndogo haina maana yoyote. Kikiwa ni cha panya kweli, pima TAT (trombini iliyoshikana na antitrombini) ujue trombini, kimeng'enya kinachogandisha damu, imezalishwa, pima PAI-1, halafu kata figo uzipake PTAH (rangi inayoonyesha fibrini) utafute fibrini. Damu itoe kwa sindano moja safi, sitreti (dawa ya kuzuia damu isigande) ya 3.2% sehemu 1 kwa damu sehemu 9, maana ukichokonoa chokonoa mshipa tishu fakta inaingia na damu inaanza kuganda humo humo kwenye sirinji.

Na kama mpango wako ni kujaribu dawa baadaye, kuwa makini sana na asidi ya traneksamiki (dawa inayozuia mabonge yasiyeyushwe). Kwenye modeli ya tishu fakta inapunguza kuvuja damu, lakini kwa hao wa LPS unazima kabisa uyeyushaji kidogo uliobaki, na viungo vinaharibika zaidi. Nitumie majibu ya PAI-1 ukiyapata, nataka kuyaona.