Sentensi ndefu za Kiingereza: kitenzi kikuu kiko wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Najifunza Kiingereza na msamiati ninao wa kutosha, lakini sentensi ikirefuka nafika kwenye nukta nimeshasahau ilikoanzia. Mfano hii: "The letter sent to the students the school had suspended was returned unopened." Maneno yote nayajua, ila sioni nani kafanya nini.

JIBU: Marahaba. Umefanya vizuri kuleta sentensi yenyewe. Nadhani uliposoma "sent" ulielewa "ilituma", ukaanza kutafuta barua ilituma nini. Kosa hili huwapata sana wazungumzaji wa Kiswahili, na sababu yake ni lugha yetu. Tukisema "iliyotumwa", neno hilo moja limebeba kiima, wakati, kirejeshi na kauli ya kutendwa. "Sent" haina alama hata moja kati ya hizo, na umbo lake ni lile lile kwa "alituma" na kwa "iliyotumwa". Afadhali "written", maana "aliandika" ni "wrote", huwezi kuzichanganya.

Basi usikimbilie kamusi. Shika penseli, na kila ukikuta kitenzi jaribu kukisoma kwa kirejeshi. "Sent": barua iliyotumwa. Inakubali, kwa hiyo si kitenzi kikuu; tia mabano kuanzia hapo. Sasa tazama "the students the school": nomino mbili zimegusana, hakuna koma wala kiunganishi. Ukiona hivyo, mara nyingi "that" au "whom" imedondoshwa. Ni wanafunzi ambao shule ilikuwa imewasimamisha. Funga mabano baada ya "suspended".

Nje ya mabano imebaki "The letter was returned unopened". Hata "was" inakuthibitishia, kwani ni ya umoja; haiwezi kuwa ya "students", na "school" imeshapata kitenzi chake. Sasa rudisha ulichofungia: Barua iliyotumwa kwa wanafunzi ambao shule ilikuwa imewasimamisha masomo ilirudishwa bila kufunguliwa.

Mwanzoni utakwenda polepole, na ni sawa kabisa. Vitenzi vya "-ing" navyo vipime hivyo hivyo: "the man standing there" ni mtu aliyesimama pale. Ukimaliza kutia mabano halafu nje vikabaki vitenzi viwili visivyo na kiunganishi kati yao, mara nyingi kuna kirejeshi kilichodondoshwa ambacho hujakiona. Rudi ukatafute nomino zilizogusana.