Viazi vigumu kwenye shchi

Umeuliza kwa nini viazi vinabaki vigumu kwenye shchi (supu ya kabichi ya Kirusi) uliyoipika kwa kabichi iliyochachushwa katika sufuria ya umeme ya kupika polepole. Sufuria yako haina kasoro, ndugu. Ni uchachu wa kabichi. Kiazi kikipikwa ndani ya asidi hakilainiki vizuri hata kikae saa 8, na moto mdogo wa sufuria hizo za kupika polepole unazidisha tatizo.

Tia kwanza nyama ya ng'ombe yenye mfupa (kidari ndiyo bora), kitunguu, karoti na viazi, maji yafunike. Kabichi iliyochachushwa isubiri mpaka uma uzame kwenye kiazi bila kusukumwa. Wakati huo ipike pembeni kwa siagi na kijiko cha nyanya ya kopo, moto mdogo, mpaka ilegee na kuanza kuwa kahawia. Usiiruke hatua hiyo, ladha ya shchi iko hapo. Ukishaichanganya, iache saa moja au mbili zaidi. Chumvi onja mwishoni kabisa, maana kabichi yenyewe ina chumvi tayari.

Kwa kabichi mbichi shida hii haipo, viazi vitaiva tu.

Na wanaosema shchi ya sufuria ya umeme si ya asili, mimi sikubaliani nao. Vijijini Urusi chungu kiliachwa kwa saa nyingi ndani ya tanuri la matofali, supu ikaiva kwa joto lililobaki baada ya moto kupungua. Jiko la gesi ndilo liko mbali zaidi na upishi huo. Ilaze usiku mmoja kwenye friji, kesho yake ni tamu zaidi, hasa kwa krimu chachu juu.